Matunda ya Kujaza na Kuoka: Mwongozo Kamili kwa Kifungua Kinywa na Kitindamlo

Tunda lililojazwa na kuokwa linaweza kuliwa asubuhi badala ya maandazi, na chakula hichohicho kikapelekwa mezani jioni baada ya wali na samaki bila mtu kuona kwamba kimepungukiwa na kitu. Hakihitaji unga wa ngano wala mayai, na viungo vyake karibu vyote vinapatikana katika masoko ya Dar es Salaam. Hata hivyo, watu wengi wanaokijaribu hukiharibu mapema kwa kuanza na sukari: wanajaza tunda tamu kwa vitu vitamu, wanamwagia asali juu, kisha wanashangaa kuona limelowa, limepasuka na linakinaisha baada ya vijiko viwili. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Tunda ndilo linaloleta utamu na maji, na kinachojazwa ndani yake kina kazi ya kunyonya maji hayo, kuongeza mafuta kiasi na kumpa mlaji kitu cha kutafuna. Kwa hiyo tunda liwe gumu na lenye ukali kidogo, na mchanganyiko wa kujazia uwe mkavu kuliko unavyodhani unafaa.

Kuchagua tunda

Tunda linalozoeleka zaidi kwa kazi hii ni tufaha, lile ambalo wauzaji wengi wa mjini huliita epo. Matufaha mengi yanayouzwa Dar es Salaam hutoka Afrika Kusini, ingawa yapo pia yanayolimwa katika nyanda zetu za baridi, kama vile Njombe na Lushoto, ambayo kwa kawaida ni madogo zaidi. Ukiweza kupata yale ya kijani yanayoitwa Granny Smith, chukua hayo bila kusitasita, kwa sababu ukali wake hauishi motoni na nyama yake hubaki imeshikana hata baada ya dakika arobaini. Golden Delicious, yale ya manjano, nayo yanafaa, ila ni matamu zaidi. Ninayokushauri uyaache ni yale mekundu sana, marefu kidogo, yenye vinundu vitano chini, ambayo yanapendeza kwenye meza ya muuzaji lakini yakiokwa nyama yake huwa kama unga uliolowa.

Joto la jiji letu halina huruma kwa tunda lililotoka kwenye chumba cha baridi. Tufaha lililokaa juani siku mbili huanza kusinyaa kuzunguka kikonyo kabla halijaonyesha dalili nyingine yoyote, kwa hiyo hapo ndipo pa kutazama kwanza. Libonyeze kwa kidole gumba karibu na kikonyo. Likiingia ndani hata kidogo, liache. Lipime mkononi pia, kwani zito ndilo lenye maji. Chagua yanayolingana ukubwa, takriban gramu 180 kila moja, ili yote yaive kwa wakati mmoja.

Mchanganyiko wa kujazia

Kwa matufaha sita utahitaji robo tatu ya kikombe cha oti zilizobanjwa, zile za kupikia uji, ambazo ni takriban gramu 60, gramu 60 za tende bila kokwa, yaani nane hivi kama ni ndogo, nusu kikombe cha korosho, vijiko viwili vikubwa vya siagi, samli au mafuta ya nazi, kijiko kimoja cha chai cha mdalasini wa kusaga, punje nne za iliki, kipande cha tangawizi mbichi kinacholingana na ncha ya kidole gumba, ndimu moja, na chumvi kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili. Kwa ajili ya chombo cha kuokea weka tayari juisi ya machungwa mawili au matatu, ifikie takriban mililita 150, na karafuu moja nzima. Machungwa ya Muheza yanafaa sana, kwani yana juisi nyingi na ukali wake unaisaidia tende.

Chumvi isisahaulike. Ni kidogo, lakini bila hiyo mchanganyiko wote huwa na ladha bapa, na mtu asiyejua sababu huongeza asali akidhani kilichopungua ni utamu.

Korosho zinastahili maneno zaidi. Zikaange kavu kwenye kikaango kwa moto mdogo kwa dakika tano hivi, ukizigeuza bila kuziacha, hadi zianze kunukia na kuonyesha madoa ya hudhurungi. Korosho mbichi zikiwekwa ndani ya tunda hazikauki wala haziokwi. Hupikwa kwa mvuke tu na kuwa laini kama maharage. Zilizokaangwa kwanza hubaki na ukakamavu wake. Ukitumia karanga badala ya korosho, zichambue kwa makini moja baada ya nyingine, utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya uvundo, kwa sababu hizo zinaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na kukaanga hakuimalizi sumu hiyo. Karanga zilizosagwa tayari na kufungwa kwenye mifuko isiyo na maelezo yoyote ni afadhali uziache, kwa sababu huwezi kuona zilivyokuwa kabla hazijasagwa.

Kama nyumbani kumepikwa mchuzi wa nazi siku hiyo, usitupe machicha. Yakamue vizuri, yapitishe kwenye kikaango kikavu hadi yakauke na kuanza kubadilika rangi, kisha yatumie badala ya nusu ya oti. Yana nyuzinyuzi nyingi, mafuta yaliyobaki ndani yake yanatosha kukuruhusu kupunguza siagi kwa kijiko kimoja, na yananyonya maji ya tunda vizuri kuliko kitu kingine chochote nilichokitaja hapa.

Kuhusu sukari, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri kwamba sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwenye chakula chake cha siku, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kuna manufaa zaidi. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, ambazo ni vijiko vya chai kumi na viwili hivi. Asali inahesabiwa katika kiasi hicho sawa na sukari nyeupe. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haihesabiwi. Ndiyo maana katika mchanganyiko huu kinacholeta utamu ni tende peke yake, tena nzima zilizokatwakatwa. Mwenye kisukari hata hivyo asidhani amepewa ruhusa ya kula bila kipimo, kwani tende hupandisha sukari ya damu. Kwake tende mbili kwa matufaha yote sita zinatosha, na nusu tufaha kwa mlo mmoja ni kiasi cha kuanzia wakati akiendelea kufuata maelekezo ya mtoa huduma wake wa afya.

Kuoka matufaha hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kuwasha oveni ifikie nyuzijoto 180 za Selsiasi, au 160 kama ni ya feni. Majiko mengi ya gesi tuliyo nayo majumbani hayaonyeshi joto kwa usahihi, kwa hiyo ukipata kipimajoto kidogo cha kuweka ndani ya oveni utakuwa umenunua kitu cha maana kuliko trei mpya. Ukiwa huna, tazama juisi iliyomo kwenye chombo: ikichemka kwa fujo ndani ya dakika kumi za mwanzo, moto ni mkali mno na unapaswa kupunguzwa mara moja.

Wakati oveni inapata moto, tengeneza mchanganyiko. Twanga iliki kwenye kinu baada ya kuondoa maganda, paruza tangawizi, katakata tende ziwe vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, na vunjavunja korosho bila kuzisaga. Changanya vyote na oti, mdalasini na chumvi, kisha weka siagi na uisugue kwa ncha za vidole hadi kila punje ya oti ing'ae. Ukifumbata kiasi kidogo kiganjani kinapaswa kushikana, na ukikigusa kwa kidole kivunjike. Kikibaki donge kama ugali, ongeza oti.

Hatua inayofuata ni matufaha yenyewe. Yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na kuyasugua kwa kitambaa, kwa kuwa mengi yanayotoka nje hupakwa nta ya kuyang'arisha. Kata kifuniko chembamba upande wa kikonyo. Kisha, kwa kisu kifupi chenye ncha, zungusha duara kuizunguka sehemu ya katikati yenye mbegu, ukishuka chini taratibu, na umalizie kwa kijiko cha chai chenye ukingo mwembamba kwa kuchokoa hadi mbegu na yale magamba magumu yanayozizunguka yatoke yote. Usitoboe chini. Acha unene wa sentimeta moja kwenye kitako na sentimeta moja na nusu kwenye kuta. Ukipunguza zaidi ya hapo, tunda litalala kabla mchanganyiko haujaiva. Likitoboka kwa bahati mbaya, ziba tundu kwa kipande cha tufaha ulichokitoa. Kamulia ndimu ndani na kwenye ukingo ili nyama isigeuke rangi ya hudhurungi.

Sasa fanya jambo ambalo wengi huliruka. Kwa ncha ya kisu, chora mstari mmoja kuzunguka tufaha lote katikati ya kimo chake, ukipasua ganda tu bila kuingia kwenye nyama. Tunda likipata moto, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kusukuma ganda kutoka ndani. Kama hakuna pa kutokea, ganda hupasuka ovyo na nyama hutoka kama povu. Likiwa limechorwa, ganda hufunguka pale ulipochora, nusu ya juu ikainuka kidogo kama kofia, na tunda likabaki limesimama.

Jaza kwa kijiko, ukishindilia kwa wepesi tu, na mchanganyiko upande juu ya ukingo kama kichuguu kidogo. Usishindilie kwa nguvu, kwani oti huvimba. Panga matufaha kwenye bakuli la kuokea yakikaribiana lakini yasigusane, mwaga juisi ya machungwa chini yake pamoja na karafuu moja nzima, na funika kwa karatasi ya foili. Karafuu moja inatosha kwa matufaha yote sita. Mbili zitaifunika iliki na mdalasini.

Oka kwa dakika 20 ukiwa umefunika. Fungua foili, chota juisi ya chini na uimwagie juu ya kila tunda, kisha rudisha bila kufunika kwa dakika 20 nyingine, ukimwagia tena mara moja katikati. Tufaha limeiva pale kijiti kinapoingia kwenye ukuta wake bila kugoma lakini tunda lenyewe likiwa bado limesimama, na juisi ya chini imekuwa nzito kidogo na kushika mgongo wa kijiko. Yapo matunda yatakayohitaji dakika tano zaidi, hasa Granny Smith kubwa. Liache lipoe dakika kumi kabla ya kula, maana tende iliyotoka motoni huunguza ulimi kuliko mchuzi.

Kwa wasio na oveni

Nyumba nyingi jijini hazina oveni, na hilo si kizuizi hata kidogo. Mtu aliyezoea kuona mkate wa kumimina ukipaliwa makaa tayari anaijua njia. Chukua sufuria kubwa na nzito yenye mfuniko wa bati au alumini usio na kishikio cha plastiki, tandaza mchanga mkavu uliooshwa wenye kina cha sentimeta mbili, na weka juu yake kigae au kisahani cha chuma cha kukalia bakuli. Funika na uipashe kwa dakika 15. Ingiza bakuli lako la matufaha likiwa limefunikwa kwa foili, rudisha mfuniko, kisha hamisha makaa: machache yabaki chini, mengi yaende juu ya mfuniko. Kanuni ni moto mwingi juu na kidogo chini, kwa sababu chini mchanga unashika joto na kulitoa polepole, ilhali juu joto hupotea hewani.

Baada ya nusu saa ondoa foili na usifungue tena kwa dakika 20. Makaa ya juu yakianza kufunikwa na jivu, yapepee au uongeze mawili matatu yaliyokwisha kushika moto. Kazi hii ifanyike barazani au uani penye hewa, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu na inaua. Kwa maoni yangu, tufaha lililopaliwa makaa lina ladha nzuri kuliko la oveni ya gesi. Oti za juu hukauka vizuri zaidi na moshi kidogo unaoingia haudhuru kitu.

Matunda mengine tuliyo nayo

Ndizi mzuzu iliyoiva hadi ganda limeanza kupata madoa meusi ni bora kwa kifungua kinywa, na ni rahisi kuliko tufaha. Ukifika Mahakama ya Ndizi kule Mabibo utazipata za kila kiwango cha kuiva, kwa hiyo mwambie muuzaji unataka za kuoka siku hiyohiyo. Usiimenye. Ilaze ubavu, pasua ganda kwa urefu upande wa juu ukiacha sentimeta mbili kila mwisho, ingiza kisu hadi nusu ya unene, panua kwa vidole na ujaze karanga zilizopondwa, machicha yaliyokaushwa, tangawizi na ndimu. Hapa tende haihitajiki kabisa. Oka kwa nyuzijoto 180 kwa dakika 30. Ganda litakuwa jeusi tii na ndani pamekuwa na rangi ya dhahabu. Ndizi ya kisukari haifai, kwani huyeyuka.

Nanasi, hasa la Kiwangwa linapokuwa msimu, likatwe kwa urefu pamoja na ganda, nyama ichimbwe, moyo mgumu utupwe, na nyama iliyokatwa vipande vidogo irudishwe ikiwa imechanganywa na oti, korosho na pilipili manga kidogo. Hapa mchanganyiko unahitaji oti mara moja na nusu ya kiasi cha kawaida kwa sababu ya wingi wa maji. Lioke kwa dakika 35 hadi 40 na usilitoe kabla halijachemka ndani. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa na kuufanya mtindi unaoliwa nalo uwe mchungu. Joto hukiua kimeng'enya hicho. Papai lina tabia hiyohiyo. Ukitumia papai, chagua lililoanza kuiva tu, ganda likiwa na michirizi ya manjano, na ulikamulie ndimu kwa wingi.

Mapera hukatwa nusu, mbegu zikachokolewa kwa kijiko, na dakika 20 zinatosha. Mapeasi ya Lushoto ni magumu na yanahitaji karibu saa nzima, lakini hayaanguki. Embe linaloiva halina umbo la kushika kitu. Parachichi lisiokwe, kwa kuwa joto huliletea uchungu.

Kuandaa mezani na kuhifadhi

Asubuhi, tunda moja pamoja na nusu kikombe cha mtindi usio na sukari ni mlo kamili: lina nyuzinyuzi, mafuta na protini, na mtu anaweza kukaa hadi saa saba mchana bila kutafuta vitafunwa. Mwage juisi iliyobaki chini ya bakuli juu ya mtindi. Jioni, badala ya mtindi, tui zito lililochemshwa kidogo na iliki linafaa zaidi, na wageni waliofuturu nyumbani kwako mwezi wa Ramadhani watalipokea bila maelezo, kwani tende na iliki wanazifahamu.

Watoto walio chini ya miaka mitano wapewe lenye korosho zilizosagwa kabisa, kwa kuwa vipande vya korosho au karanga vinaweza kuwakaba. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asiongezewe asali kwa namna yoyote, hata iliyopikwa.

Unaweza kujaza matufaha usiku, ukayafunika na kuyaweka kwenye friji, kisha ukayaoka asubuhi kwa kuongeza dakika tano. Ukishayakamulia ndimu vya kutosha hayatabadilika rangi. Yaliyokwisha kuokwa yasiachwe mezani zaidi ya saa mbili, na katika siku za joto kali za Januari na Februari saa moja ndiyo mwisho. Kwenye friji hukaa siku tatu. Umeme ukikatika usiku kucha na friji ikapoteza ubaridi, usiyaonje ili kujua kama yameharibika, yatupe. Kuyapasha moto upya kunataka sufuria iliyofunikwa, vijiko viwili vya maji na moto mdogo kwa dakika kumi, na kwa dakika mbili za mwisho fungua mfuniko ili oti za juu zikauke tena.